Kikapu Kilichojaa Kabla ya Saa Nne

Chebet wangu,

Mvua ya mawe imenipa ruhusa leo. Ilipoanza kupiga nilikuwa bado kule chini karibu na mto, na nilipofika mlangoni nilikuwa natiririka maji kama ng'ombe aliyetoka kwa dipu. Kogo wako alinitazama akasema, "Majani ya chai yamechanika yote, hakuna kazi tena leo. Sasa andika hiyo barua unayoizunguka wiki nzima." Huyu mama yangu haonekani akiangalia, lakini hakuna kitu kinachompita.

Wewe uko Bomet unatafuta blanketi na ndoo, na kwa vile ninavyokujua utazunguka soko lote ukilinganisha ndoo. Kwa hivyo nina muda mpaka jioni. Kesho kabla jua halijatoka utakuwa umeenda chuoni.

Sitakuandikia mambo ya kula vizuri na kufunga mlango. Kogo ameshakupa hayo, pamoja na mengine kuhusu wavulana ambayo hata mimi niliona haya kuyasikia. Mimi nina jambo moja, na nimelichelewesha miaka tisa.

Lakini kabla ya hilo, acha nijisifu kidogo. Siku ile ujumbe wa chuo ulipoingia, ulinipa simu nisome halafu ukarudi kukama, kana kwamba umenionyesha picha ya harusi ya mtu tusiyemjua. Nilisoma mara nne. Digrii ya uuguzi, na jina lako limeandikwa lote, hata lile la ubatizo usilolipenda. Nilienda nyuma ya jikoni nikasimama tu. Jioni kwenye senta ya kupimia chai nilimwambia karani wa mizani kabla hajaniuliza. Nikamwambia mwenye boda. Nikamwambia yule mama wa ndizi, na kumbe mwenye boda alikuwa ameshapita hapo. "Tumesikia, mama Chebet," akasema. "Boito yote imesikia. Hata ng'ombe wako, nadhani wamesikia." Aseme atakavyo. Mtoto wangu anaenda mahali ambapo mimi sikufika, tena kwa akili yake mwenyewe.

Sasa lile jambo.

Ulikuwa darasa la nne. Ilikuwa likizo, mimi nachuna, wewe umekaa kwenye gunia pembeni ya mstari unakula mahindi ya kuchoma. Ukasema bila kuinua kichwa, "Mama, kama mimi singezaliwa, wewe ungekuwa nesi." Sijui uliyasikia wapi. Kanisani labda, wamama wakimaliza maombi hawakosi la kusema. Ukaendelea, "Usijali. Mimi nitakuwa nesi, nikurudishie."

Nilichuna mstari mzima, halafu nikakuuliza kama mahindi yameiva vizuri.

Chebet, si kweli. Sikuacha chuo kwa sababu yako. Nilikuwa nimeshaanguka kabla wewe hujawa hata wazo.

Nilienda chuo cha uuguzi nikiwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa msichana wa kwanza wa ukoo huu kuvuka kidato cha nne, na nilitoka hapa nikiimbiwa. Nilibeba kalamu za rangi tatu, ya buluu, nyekundu na ya kijani. Nataka uelewe nilivyokuwa nasoma, kwa sababu hakuna mtu angesema mimi ni mvivu. Mwalimu akisema kitu, naandika. Mwalimu akikohoa, karibu niandike. Vichwa vya habari kwa nyekundu, maana ya maneno kwa kijani, na kila mstari umepigiwa rula. Jioni nayanakili tena kwa daftari safi. Nikimaliza nayasoma kutoka juu mpaka chini, mara mbili, mara tatu, mpaka nikifunga macho naona ukurasa. Wenzangu walikuwa wakiazima madaftari yangu kama watu wanavyoazima sufuria kubwa. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Chumbani niliishi na msichana anaitwa Akoth. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kuchuna chai, na yeye alizaliwa huku jirani, Kericho, kwenye nyumba za wafanyakazi za shamba moja kubwa. Daftari la Akoth lilikuwa aibu. Maneno machache, mishale, picha ya moyo inayofanana na kiazi. Lakini kila jioni alikuwa anafunga hilo daftari, anaweka ndoo ya kuogea mbele yake, halafu anaanza kuifundisha.

"Sasa wewe ndoo, sikiliza. Moyo una vyumba vinne. Kwa nini vinne na si viwili?" Anafikiri. Anaanza kueleza, anakwama. "Ngoja hapo, ndoo, usiende." Anafungua daftari, anaangalia mahali pamoja tu, anafunga, anarudi kwa ndoo.

Nilimcheka sana. "Akoth, hiyo ndoo itafaulu kabla yako."

"Afadhali ndoo," akasema. "Ndoo haijifanyi imeelewa."

Nilicheka pia hapo. Sikujua neno hilo limenipiga mimi.

Mtihani wa kwanza ulikuja. Swali moja mpaka leo nalikumbuka. Mtoto wa miezi minane ameletwa na mama yake, ameharisha siku mbili, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Unaanza na nini, na kwa nini? Nikafurahi, kwa sababu ukurasa wa kuharisha nilikuwa nauona wote. Nikaandika maana ya kuharisha. Nikaandika aina zake na visababishi vyake vyote kwa mpangilio ule ule wa daftari, hata nikapiga mstari pale penye mstari. Nilijaza karatasi mbili nikaomba nyingine. Yule mtoto mwenyewe, Chebet, sikumgusa. Nilimwacha hapo mlangoni na mama yake nikiendelea kuandika.

Mwalimu aliandika kwa kalamu yake nyekundu, "Mwandiko mzuri. Swali hujajibu." Na alama zilikuwa za mtu ambaye hakuwa darasani kabisa.

Hiyo karatasi niliikunja nikaificha ndani ya Biblia, mahali ambapo nilijua mimi mwenyewe sitafungua wiki hiyo. Huyo mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema mbele ya darasa, "Mwenye swali aje, mlango uko wazi." Nilipita huo mlango kila siku nikienda kula. Ulikuwa wazi kweli. Sikuingia, kwa sababu nilifikiri kuingia ni kutangaza kwamba sijui, na mimi nilikuwa mwenye madaftari mazuri.

Akoth aliona. Jioni moja akasema, "Njoo tukae na wenzetu, utuelezee figo. Mimi nimekwama."

"Nina usingizi," nikamwambia.

Sikuwa na usingizi. Niliogopa wangegundua kwamba figo nazo ni kijani na nyekundu tu kichwani mwangu, hazifanyi kazi yoyote.

Kogo alikuwa anapiga simu akitumia ya jirani. "Masomo yanaendaje?" "Mazuri, mama." Nilijibu hivyo mpaka ulimi ukazoea. Na unajua nilifanya nini ili nijisaidie? Nilinunua madaftari mapya nikanakili kila kitu upya, kwa mwandiko mzuri zaidi. Nilifanya bidii, mwanangu. Nilifanya bidii ile ile iliyoniangusha, ila sasa nikaongeza.

Nilirudia mtihani nikaanguka tena. Chuo kikaniambia nirudie mwaka. Hakuna aliyenifukuza, sikiliza hapo vizuri. Ningerudia mwaka, leo ningekuwa na kofia yangu ya unesi. Nilifunga sanduku nikarudi nyumbani, nikamwambia Kogo nimechoka kidogo, nitaenda mwaka ujao. Baba yako nilikutana naye baada ya hapo, na hiyo sehemu unaijua. Ulipokuja, watu walihesabu vibaya wakaandika hadithi yao: alipata mimba, akaacha chuo. Nami nikaiacha isimame. Msichana aliyepata mimba, watu wakimaliza kumsema humhurumia. Aliyeshindwa na masomo baada ya kuimbiwa, huyo hakuna anayejua amwambie nini.

Nilijificha nyuma yako. Ulikuwa mtoto mchanga, huna habari, na mimi nimejificha nyuma yako kama mtu nyuma ya mlango. Hilo ndilo kosa langu kubwa. Kuanguka mtihani ni kitu kidogo kando yake. Kogo nilimwambia ukweli mwaka ule ulipoingia shule ya upili. Alisema tu, "Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie." Halafu akasema, "Si mimi unayepaswa kumwambia."

Nisamehe. Hilo nimelimaliza, acha nivute pumzi.

Mawe yameisha, sasa ni mvua tu. Shamba limekuwa jeupe kama mtu amemwaga chumvi.

Nikuambie kilichotokea niliporudi, maana nilikuwa nimesoma bweni maisha yote na chai nilikuwa sijaichuna sawasawa. Kogo alinipa kikapu. Mimi nikaona nitamwonyesha kwamba hata kama nimerudi, si mzigo. Nilichuna kwa mikono miwili, jani changa, jani kuukuu, kijiti, kila kilichokuwa kijani. Kikapu kilijaa kabla ya saa nne. Nikafika kwenye senta wa kwanza, nimeinua shingo. Karani akakipindua juu ya gunia, akatandaza kwa mkono, akaniangalia.

"Dada, hii ni chai ama ni lishe ya ng'ombe?"

Foleni yote ikacheka. Alichagua kilichofaa, kikawa kirundo kidogo hivi, ungeweza kukifunika kwa kofia. Mengine alinirudishia niyabebe nyumbani. Ule mlima kutoka senta sijawahi kuuona mrefu hivyo.

Kogo hakunitukana. Kesho yake alichukua fito, ile unayoijua ya kulaza juu ya mchai kupimia kimo cha majani. Akailaza. "Kilichopita fito ndicho cha leo. Hapo pia usichukue chote. Majani mawili na ncha yake, basi. Na usije kuniambia ati umejaza. Kikapu hata takataka inakijaza."

Tukashuka mpaka mistari ya mtoni, ambayo ilikuwa imesahaulika wiki nyingi. Nikavuta tawi, halikatiki. "Unaona?" akasema. "Ungekuja wiki ile nyingine lingekatika lenyewe. Mchai hautaki mtu wa nguvu. Unataka mtu wa kurudi."

Siku hiyo sikuona kitu, niliona tu mgongo unauma. Nilianza kuona baadaye, wewe ukiwa na miezi minane. Ndiyo, minane. Uliharisha siku mbili, nikakubeba mpaka dispensari. Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya juu. Nilianza kumweleza hadithi ndefu, akanikatiza. "Usiniangalie mimi. Mwangalie mtoto." Akafinya ngozi ya tumbo lako akaiachilia. "Unaona inavyorudi polepole? Kwa nini?"

Nikasema, "Maji yameisha mwilini."

"Basi tunaanza na nini?"

"Kumrudishia maji. Na chumvi na sukari, kidogo kidogo, mara nyingi."

Akaniangalia upya. "Umesomea wapi wewe?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeketi hapo na kikombe na kijiko, nakunywesha, na machozi yananitoka, na yeye akafikiri ninakulilia wewe. Kumbe nilikuwa najua. Wakati wote ule, nilikuwa najua. Jibu lilikuwa limelala chini kabisa ya kikapu, chini ya majani makuukuu yote niliyorundika juu yake, na hakuna siku hata moja nilikuwa nimefunga daftari nikajaribu kulitoa.

Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita walipotafuta watu wa kufunzwa kazi ya afya ya kijiji, nilienda. Unakumbuka ulivyoshangaa. Siku ya kwanza kule Bomet, mwalimu alieleza kitu haraka haraka, na mimi nikainua mkono nikasema, "Sijaelewa, naomba urudie." Paa halikuanguka. Mama mmoja wa Merigi aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Asante dada, hata mimi nilikuwa gizani." Na kila jioni nilikuwa namweleza Kogo tulichosoma, tukimenya viazi, bila kitabu. Yeye anauliza tu, "Kwa nini?" Nikisema ni hivyo tu, anasema, "Hivyo tu si jibu. Rudi kwa kitabu chako." Wewe ulifikiri tunagombana. Tulikuwa tunasoma. Na nilifaulu, Chebet. Nilikuonyesha cheti, lakini sikukuambia kwa nini nilikishika sana.

Sasa wewe. Juzi nikipanga vitu vyako nilifungua kitabu chako cha bayolojia. Umekipaka rangi ya njano ukurasa mzima, halafu unaofuata, na unaofuata, kama mtu amekimwagia yai. Niliona madaftari yangu.

Ulifaulu nayo, hilo sikatai, na alama zako nimezitangaza mpaka watu wamenichoka. Una kichwa kinachoshika. Lakini nilikuwa na kichwa kama hicho, na kilinifikisha mpaka mlango wa chuo tu. Huko ndani wanakuletea mtoto mgonjwa wanauliza unaanza na nini. Kwa hivyo nitakuwa mkali kidogo hapa, univumilie. Hiyo kalamu ya njano nimeitoa kwenye begi lako. Iko kwenye kabati, ukiitaka utaipata likizo. Ukisoma kitu, funga kitabu ujaribu kukisema. Pale utakapokwama ndipo kazi yako ilipo, usipaonee haya. Kirudie kabla hakijawa kigumu kama lile tawi la mtoni, wiki hiyo hiyo, hata kwa dakika chache. Karatasi ikirudi na alama mbaya, na itarudi siku moja, ipeleke kwa mwalimu ikiwa bado moto mkononi. Halafu unipigie siku hiyo hiyo. Sitakwambia ujikaze. Nitakuuliza tu ni swali gani.

Na utafute Akoth wako. Wangu alimaliza, nasikia yuko hospitali moja huko upande wa ziwa. Sijawahi kumpigia. Nikimaliza barua hii nitaanza kuulizia namba yake, ili nisiwe mtu wa kutoa ushauri tu.

Kuna moja la mwisho. Ulisema utanirudishia unesi. Nimekuonyesha leo kwamba hukunichukulia. Kama ukifika huko ukaupenda uuguzi, uupende kwa sababu ni wako. Na kama utaona moyo wako uko kwa udongo au kwa hesabu, badilisha, nami nitamwambia karani na mwenye boda na mama wa ndizi kwa sauti ile ile. Nilikuwa najivunia wewe kabla hujajua kusoma. Ulikuwa unashikilia kikombe cha dispensari kwa mikono miwili, ukakataa kukiachilia hata kilipokwisha.

Nakuona kwa dirisha. Unapanda kutoka barabarani, matope mpaka magotini, blanketi umeliweka ndani ya ndoo na ndoo iko kichwani. Nyekundu. Umechagua vizuri, hiyo itakusikiliza miaka minne.

Barua hii nitaikunja ndani ya hilo blanketi, utaipata ukitandika kitanda. Usinipigie usiku huo. Ngoja Jumapili, baada ya kanisa, nitakuwa nimekaa jikoni na Kogo, tukikungoja. Yeye atauliza kwa nini, unamjua. Mimi nitauliza hili:

Mtoto wa miezi minane ameletwa na mama yake. Ameharisha siku mbili, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Unaanza na nini?

Funga kitabu kwanza, mwanangu, ndipo unijibu.

Mama